Nyanya Hazipimwi kwa Kilo Tu: Kumuaga Bwana Apolinari Chitanda

Bwana Apolinari Chitanda, ambaye sisi sote tunamwita Baba Yuliana, anastaafu leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 1975, baada ya kuitumikia Bustani ya Majaribio ya Mnaliho kwa miaka ishirini na sita. Alianza mwaka 1949 akiwa mbeba maji, anaondoka akiwa Bwana Shamba Msaidizi. Hayo ndiyo niliyoambiwa niyatangulize, nimeyatanguliza.

La pili niliambiwa niandike kwa furaha. Hilo litakuwa nusu nusu. Wenzangu wa bustanini wamenichagua mimi, Bernadeta, Mama Gregory, kwa kuwa baada ya yeye hakuna aliyekaa hapa kunizidi. Kusoma kwangu ni kwa kisomo cha watu wazima, na mwalimu alitufundisha kuandika yaliyomo moyoni. Yaliyomo ni hasira. Karani Silvesta unayepiga chapa, nakuomba usinilainishie neno. Kesho Jumanne mistari ya nyanya ya Baba Yuliana inang'olewa, na milonge ya bustanini inakatwa, na sisi leo tunaambiwa tupige vigelegele. Tutapiga, kwa kuwa mtu wetu anastahili. Lakini kwanza tuseme.

Wengi mliokuja juzi hamjui bustani hii ilikuwaje. Wakati wa Mwingereza tulilima saladi, karoti na maua ya mezani kwa wakubwa wa Masasi na Newala. Nyanya zilikuwa mstari mmoja tu, tena sisi tulipewa zile zilizoanguka zenyewe. Baada ya sherehe za Uhuru, Baba Yuliana aliingia kwenye saladi na jembe asubuhi na mapema. Mzungu aliyebaki kukabidhi kazi akatoka mbio na kikombe chake cha chai.

"Apolinari! Nani amekuruhusu?"

"Bwana, hata mimi nilikuwa namtafuta mtu wa kumwomba ruhusa," akasema, "sikumwona."

Mzungu yule alicheka, heri yake. Saladi ikalimwa, nyanya zikapandwa, na msimu ule kwa mara ya kwanza watoto wa wafanyakazi walikula nyanya iliyochumwa kwenye mti wake.

Kisha vikaja vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Wenzetu walivuka mto na mizigo kichwani, watoto mgongoni, wengine bila mzigo wala mtoto. Tuliwapokea, nasi tulikuwa na njaa yetu wenyewe. Ndege za Mreno zikipita, sisi tunajitupa mtaroni, Baba Yuliana anabaki amesimama katikati ya matuta na bomba lake la dawa mgongoni. Nilimfokea siku moja, nikamwambia, "Baba Yuliana, unataka Mama Yuliana awe mjane kwa ajili ya funza wa nyanya?" Akanijibu kwamba rubani akimwona mtu mzima anakimbia atadhani kuna kitu cha maana hapa. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa akili au kiburi. Najua tu kwamba mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Katika miaka hiyo dawa za dukani za kuua wadudu zilikatika. Malori yalikuwa na kazi nyingine. Ndipo Baba Yuliana alipoanza kutwanga majani. Alianza na mwarobaini, kwa ajili ya wadudu. Halafu akaona bibi mmoja kule uwandani anamwagia mchicha wake maji ya majani ya mlonge ili ustawi, akatwanga na mlonge. Majani machanga, yanatwangwa kwenye kinu, yanakamuliwa, yanachujwa kwa kitambaa, yanachanganywa na maji mengi, yananyunyizwa asubuhi kabla jua halijawa kali. Kazi ya kutwanga ilikuwa yetu sisi kina mama. Kijani kile hakitoki kwenye kucha wiki nzima.

Mwaka uleule wa mlonge alikuja Claudia, kutoka ng'ambo ya mto, na mtoto wa kike aliyekuwa akivuja damu kwenye fizi. Mtoto hataki kutafuna, hataki kushikwa miguu, analia kwa sauti ndogo kama ya paka. Haji, mganga wa zahanati yetu, alisema mtoto huyu amekosa vitamini C, na kwamba nyanya inayo. Lakini Haji ni mtu wa maswali. Akamwuliza Baba Yuliana, "Hizi nyanya zako za mwarobaini na za mlonge, zimebaki na kile cha ndani? Au majani yako yamekiua pamoja na funza?"

Swali hilo ndilo lililokula miaka kumi ya mwisho ya kazi ya Baba Yuliana. Hakulala nalo. Alipanda mistari mitatu: mmoja wa maji matupu, mmoja wa mwarobaini, mmoja wa mlonge. Udongo ule ule, mbegu ile ile, maji yale yale. Haji akaleta iodini, ile dawa ya kidonda. Tulikoroga uji mwepesi wa muhogo, tone la iodini likaingia, uji ukawa wa bluu kama wino wa shule. Halafu maji ya nyanya yanadondoshwa tone kwa tone mpaka bluu yote ifutike. Nyanya yenye vitamini hiyo nyingi inafuta kwa matone machache. Yenye kidogo inadondoka mpaka mkono unachoka. Sisi ambao hatukusoma tuliona kwa macho yetu, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Hapa niseme kisa ambacho kila mtu Mnaliho anakijua, ila wageni hawajakisikia. Msimu mmoja, baada ya Azimio la Arusha, uji ulifutika sawasawa kwa mistari yote mitatu. Hakuna tofauti hata chembe. Baba Yuliana akazunguka bustani siku nzima, anakohoa kile kikohozi chake mbuzi wanachokijua. Mwishowe akamwita Mwanaheri, aliyekuwa kiongozi wa wamwagiliaji.

"Mwanaheri, mstari wa maji matupu mnaumwagia nini?"

"Mlonge, Bwana Shamba."

"Mlonge? Na wa mwarobaini?"

"Na wenyewe mlonge. Tumegawa. Kila mstari kata yake."

"Nani kakwambia ugawe?"

Mwanaheri akaweka debe chini, akajishika kiuno. "Si ninyi wenyewe mmekuja na hotuba hapa? Hakuna kubagua, wote sawa. Mstari huu tunaupa maziwa, mwenzake tunampa maji ya mto, anatuangalia. Sisi tuna watoto, Baba Yuliana. Tumeshindwa."

Tulidhani atampiga. Alikaa juu ya debe akacheka mpaka machozi, kisha akasimama akakasirika upya, maana msimu ulikuwa umekwisha na jibu hakuna. Mwaka uliofuata alituita wote akatueleza kwa subira kwamba mstari wa maji matupu hauonewi, ndio shahidi. Bila shahidi, alisema, kila mwenye mdomo atasema lake. Tangu hapo tuliulinda mstari ule kuliko mingine. Mwanaheri mwenyewe alikuwa anafukuza watu: "Toka kwa shahidi wetu!"

Majibu alipoyapata hakuyatia chumvi. Mlonge wakati wa kiangazi uliongeza ile vitamini ndani ya nyanya, na wekundu wake ulikuwa wa kukolea mpaka kwenye moyo. Wakati wa masika tofauti ilikuwa ndogo sana, mara nyingine haionekani kabisa. Mwarobaini ulizuia wadudu, ndani ya tunda haukuongeza wala haukupunguza. Na uzito haukuzidi. Nyanya za mlonge zilikuwa za ukubwa wa kawaida, nyingine ndogo. Ndivyo alivyosema kwa kila aliyemwuliza, mkubwa kwa mdogo, na wapo waliomshawishi aongeze kidogo ili kituo kisifiwe. Hakuongeza.

Ili maabara ya serikali Dar es Salaam ihakikishe, alipeleka tenga la nyanya kwa basi. Lilifika likiwa mchuzi. Mara ya pili alilipeleka mwenyewe, amelipakata mapajani njia nzima. Utingo akataka kulirusha juu kwenye mizigo. "Hawa ni wagonjwa," akamwambia, "wagonjwa hawapandi juu." Maabara ikasema kama ule uji wetu wa muhogo ulivyosema. Nilikuwa nimemfungia viazi na yai la kuchemsha kwa safari, akarudi navyo, alisahau kula. Mtu huyu nimemlea kama mtoto wa sita na ananizidi umri.

Sifa zilipoenea, watu wakaanza kuzidisha. Mzee mmoja alimleta mjukuu anayetetemeka kwa homa, anataka apewe nyanya za mlonge apone. Baba Yuliana alifoka mpaka kuku wakatawanyika. "Nyanya si dawa! Nyanya ni chakula! Homa ni ya hospitali!" Akampakia mtoto na babu yake kwenye lori la kwanza lililopita kwenda Ndanda hospitalini, akarudi akiwa bado anasema peke yake. Mtoto alitibiwa, yuko, anasoma.

Na mwaka jana tulihamishiwa vijijini. Sitasema mengi, kila mtu ana lake. Tuliacha mahame yetu na mikorosho na makaburi, tukapangwa kwa mistari kama nyanya. Watu walikuwa wamenuna. Baba Yuliana aliomba lori la kituo, akazunguka kwenye mahame yote, anakata matawi ya mlonge uani kwa kila mtu, anayafunga mafungu, anatuletea. "Huu ni wa kwako, Mama Gregory, wa nyuma ya jiko." Akauchomeka mwenyewe mbele ya nyumba yangu mpya. Nililia siku ile, sioni aibu kusema. Sasa kila nyumba ya Mnaliho ina mlonge unaotoka kwake kwa zamani. Ile ya bustanini ndiyo mingi, na ndiyo tunayotwanga. Kila Ijumaa tenga moja la nyanya za mlonge linakwenda zahanati kwa watoto wanaoachishwa ziwa. Haji anasema tangu tenga lile lianze, fizi za damu hajaziona kwa mtoto anayelifuata kila wiki. Haji si mtu wa kusema ovyo.

Sasa nifike penyewe.

Mwezi uliopita Bwana January, meneja wetu mpya, alituita wote kwenye banda la mizani. Bwana January ni kijana wa umri wa mwanangu Gregory, kila asubuhi ananipa shikamoo yangu, nami namwitikia marahaba kwa moyo. Adabu yake siitilii shaka. Lakini alichukua nyanya ya mbolea ya dukani, kubwa kama ngumi, akaiweka upande mmoja. Akaweka nyanya ya mlonge upande wa pili. Mizani ikalala upande wa ile kubwa.

"Mnaona wenyewe," akasema. "Kuanzia Julai tunalima hizi. Zote zinakwenda kwenye lori la mnunuzi. Mistari ya majani inang'olewa, milonge inakatwa, inatia kivuli."

Haji alikuwepo. Akaomba bakuli, akaomba uji, akatoa chupa yake ya iodini. Ile ya mlonge ilifuta bluu tukiwa bado tunasogea kuona. Ile kubwa, Haji alidondosha, akadondosha, watu wakaanza kupiga miayo.

Bwana January akatazama bakuli, akatabasamu. "Mganga, mimi mkoa hauniulizi rangi ya bluu. Mkoa unaniuliza kilo. Nyanya ni nyanya."

"Na watoto wa Ijumaa?" akauliza Mwanaheri.

"Watapata zilizopasuka."

Zilizopasuka! Tulipigania Uhuru tuache kula zilizoanguka, leo mtoto wa Mnaliho arudi kwenye zilizopasuka. Hapo sote tuligeuza shingo kumtazama Baba Yuliana. Mtu aliyemjibu Mzungu na jembe mkononi. Mtu ambaye ndege za Mreno hazikumnyamazisha. Alitazama mizani, akafuta mikono kwenye suruali, akatoka nje. Hakusema neno.

Bwana Apolinari, hasira yangu kubwa ni hiyo. Kwa Bwana January nina hasira ya mama kwa kijana: hakuwepo, hajui, ana wakubwa wake wanaomdai. Kwako nina hasira nyingine. Nilikufuata kwenye kitalu, nikakuuliza. Uliniambia mstaafu mzuri ni yule anayeondoka bila kelele. Mama Yuliana naye nilimwuliza, akasema hata nyumbani umekuwa hivyo, unakaa barazani unatazama mikono yako. Nimeogopa. Nimeona wanaume wengi wanapewa mkono wa kwaheri na redio, baada ya miezi michache tunakwenda kuwazika, si kwa ugonjwa, kwa kunyamaza.

Kwa hiyo sisi tulikwenda bila wewe. Mwanaheri, mimi na kina mama wote wa Mnaliho tulikwenda mbele ya serikali ya kijiji. Tulikaa pale na watoto wetu mpaka wakubwa wakachoka kuwasikia wakilia. Mwenyekiti akasema, "Mama Gregory, hata nikikataa mtarudi kesho?" Nikamwambia tutarudi na wajukuu. Kijiji kimetupa eneo la chini ya chemchemi, pembeni mwa shule. Tumeshalima. Matawi ya mlonge tumeshachomeka, yale ya nyumbani kwetu, hatukugusa ya kituo. Claudia, ambaye wiki iliyopita kwao wamepata uhuru wao na mizigo yake imefungwa, amekuja kulima nasi kabla hajavuka. Binti yake yule wa fizi naye alishika jembe. Ana meno yote.

Tumebakiza mambo mawili, na nayasema hapa mbele ya wageni ili yasipotee.

La kwanza ni la Bwana January. Mwanangu, kwenye mistari yako kuna nyanya za mbegu ambazo bado ni mbichi. Nyanya mbichi haina mbegu ya kupanda. Using'oe kesho. Tupe mpaka ziive, tuzichume sisi wenyewe, kisha bustani ni yako, lima kilo zako, na mkoa ufurahi. Hatutaki ugomvi na wewe. Siku mwanao akizaliwa hapa, tenga la Ijumaa litamfikia na yeye, halitamwuliza baba yake alisema nini.

La pili ni lako, Baba Yuliana. Kutwanga tunajua, kumwagilia tunajua, kupanda mistari mitatu na kumlinda shahidi tunajua. Lakini kesho akija mkubwa mwingine na mizani yake, sisi wanawake wa Mnaliho tukimwambia kilichomo ndani ya nyanya, atatwambia nyanya ni nyanya. Wewe anakujua, na maabara inakujua. Tunataka uje chemchemini Jumatano asubuhi na Haji, mpime upya, uketi na walimu na vijana uwafundishe mpaka wawe wengi wanaoweza kujibu. Kazi hii haina mshahara. Uji wa asubuhi nitapika mimi, na safari hii utakula mbele yangu.

Kwa yote uliyotufanyia, Baba Yuliana, tunakushukuru: kwa kijani kwenye kucha zetu, kwa mlonge wa nyuma ya jiko, kwa kutotudanganya hata pale uongo ungetupendeza. Mungu akupe afya wewe na Mama Yuliana, kifua chako kipoe, watoto wako wakukumbuke. Maisha tunayokutakia ni marefu na mema, yenye sauti yako ndani yake.

Ratiba inasema baada ya kusomwa maneno haya mstaafu atasimama kutoa neno. Wageni wote wako hapa, Mwenyekiti yuko hapa, Bwana January amekaa kiti cha mbele. Simama, Baba Yuliana, useme unakuja au huji. Vigelegele vyetu vinakusubiri ukimaliza.